Léopold Ntabaza Kashemwa, Kinywa cha Mwami wa Bulimbi

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi mlioko kilimani Bulimbi mnaotusikiliza kwa simu iliyowekwa hapa mezani karibu na jeneza, familia ya Mzee Ntabaza inawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuja kumsindikiza, leo Ijumaa tarehe 2 Februari 2007, hapa Sparkhill, katika jiji la Birmingham. Historia hii inasomwa na mkwe wa marehemu, Respicius, mume wa Noëlla, mtu wa Bukoba, ambaye kwa desturi ya watu wa Bulimbi angekaa nyuma kabisa akagawa chai, na kama kuna anayeshangaa kwa nini mgeni amepewa karatasi huku wenye mji wamekaa kimya, avumilie kidogo, sababu itafika mahali pake. Mama Vénantie, mjane wa marehemu, ameomba isomwe yote bila kuruka, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwa kuwa ndani yake kuna neno moja ambalo lisiposemwa leo mbele ya watu, yeye haoni jinsi atakavyorudi kulala katika nyumba ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika kilima cha Nyakaziba, utawala wa Bulimbi, Kivu ya Kusini, nchi ambayo wakati ule iliitwa Kongo ya Wabelgiji, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kashemwa na Mama M'Rusake, na wa kwanza kuvuka utoto akiwa hai. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa kuliko jirani zake wote, aliyoyapata kwa desturi ya kalinzi, yaani alimpelekea Mwami, mfalme wa Bulimbi, ng'ombe, Mwami akampokea, na tangu siku ile ardhi ikawa yake na ya watoto wake, mradi Mwami yuko hai. Desturi hiyo ishikeni vizuri, kwani ndiyo iliyoyabeba maisha yote ya marehemu: kule Bulimbi ardhi hukaa kwa pumzi ya Mwami, na Mwami akifa, hakuna anayethubutu kusema amekufa mpaka mrithi wake ameonyeshwa kwa watu na kuipiga ngoma, maana kifo kikitangulia ngoma, yeyote atakayewahi kuipiga, hata kama ni mwizi, ndiye mwenye vilima vyote, na ng'ombe wote wa zamani huhesabiwa kuwa hawakutolewa.

Alianza shule ya msingi misioni mwaka 1945, kisha akaingia shule ya ualimu ya mapadri mjini Bukavu, Septemba 1952, akamaliza Juni 1957, na huko bwenini kitanda chake kilipakana na cha mtoto wa Mwami, Mukomeza, kijana mpole aliyesema chini chini mno, hata walimu wakadhani hajui kitu. Léopold, aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, akazoea kumsaidia, Mukomeza ananong'ona jibu, Léopold analisema kwa nguvu, na mwalimu anamwandikia alama Mukomeza. Wanafunzi wa kutoka kwingine walicheka mpaka wakaanguka, lakini wale wa Bulimbi hawakucheka hata kidogo, kwa sababu kwao Mwami hasemi na watu kwa sauti yake mwenyewe, bali hunong'ona, na mtu mmoja aliyesimama kulia kwake, anayeitwa Kinywa, hugeuza kichwa upande wa kushoto, husikiliza, kisha hurudia kila neno kwa sauti, bila kuongeza, bila kupunguza, naye husema "mimi" akimaanisha Mwami, na watu wakishasikia hupiga kofi moja na kujibu, "Tumesikia." Mukomeza alipoketishwa kwenye kiti cha baba yake tarehe 3 Agosti 1961, hakuna aliyeuliza nani atakuwa Kinywa chake.

Kwa upande wa kazi, marehemu alifundisha misioni kwa miaka minne, akarithi mashamba ya baba yake mwaka 1963, akayapanua kwa kahawa na kwa miti ya kinkina, ile ambayo magome yake hutoa dawa ya kwinini, mpaka mgongo mzima wa Nyakaziba ukawa wake, na watu wengi wakala kwa mkono wake, na wengine, tusifichane, wakamwogopa, maana hakuwa mtu wa mchezo kila mpaka wa shamba lake ulipoguswa. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa mbunge, akarudi tena mwaka 1982, akaishi Kinshasa vipindi viwili, akivaa suti ya Kizaire iliyompendeza, na wabunge wenzake waliokuwa naye walipenda kusimulia kwamba kila aliposimama kutoa hoja aligeuza kwanza kichwa kidogo upande wa kushoto, akangoja, kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza, ndipo akafungua mdomo. Huko bungeni alitetea jambo moja tu, kwamba ardhi ya vilima isichukuliwe na serikali, na alipoulizwa hayo ni mawazo ya nani, alijibu kwamba yeye hana mawazo, ana Mwami. Walimcheka, naye akakubali kuchekwa, akarudi nyumbani na ardhi haikuguswa.

Tarehe 20 Julai 1968, katika kanisa la misioni, marehemu alifunga ndoa na Mama Vénantie Nabintu, binti wa mwalimu wa dini, Mwami mwenyewe akiwa ameketi mstari wa mbele, na hapa mama mkwe ametaka jambo dogo lisemwe ambalo wengi hawalijui. Padri alipomuuliza bwana harusi kama anakubali, bwana harusi aligeuza kichwa kushoto, akangoja, kanisa lote likangoja naye, na bibi harusi, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa amefundishwa kutazama chini, alimfinya mkono kwa kucha, kwa nguvu. Ndipo Léopold akasema "Ndiyo," kwa sauti ambayo Bulimbi hawakuwahi kuisikia, ndogo, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayeamshwa usingizini, na Mama Vénantie anasema hiyo ndiyo sauti aliyoolewa nayo, hiyo aliyoisikia jikoni na kitandani miaka thelathini na minane, na ndiyo anayoililia leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gratien, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1970, ambaye yuko Kalemie na hakupata viza ya kuja, na Noëlla, aliyezaliwa tarehe 24 Desemba 1977, na mjukuu mmoja, Kokusima, aliyezaliwa hapa Birmingham tarehe 6 Machi 2003.

Vita vilipoingia nchini mwaka 1996 vilipita Bulimbi kama mvua ya upepo, vikavunja na kwenda, lakini viliporudi Agosti 1998 vilikaa, waasi wakaweka kambi misioni, na kwa kuwa walitaka vilima vyenye madini, wakamtafuta binamu wa Mwami, mtu mwenye deni kwa kila mtu na asiyemwonea aibu yeyote, wakamwahidi ngoma. Walikosa kitu kimoja, Kinywa, na tarehe 25 Agosti makamanda walipanda Nyakaziba wakamkuta marehemu uani kwake, wakamwambia kwa adabu kabisa kwamba mbunge mzima, mwenye mali, mwenye watoto, hapaswi kufa kwa ajili ya mzee mmoja anayenong'ona. Marehemu aligeuza kichwa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, akasikiliza, kisha akawaambia kwamba Mwami anawasalimu na anakataa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, naye kichwa chake kilipona kwa bahati tu, usiku ule ng'ombe wake wote walichukuliwa, nyumba ikachomwa, na miti ya kinkina ikakatwa mpaka wa mwisho, mgongo wote wa Nyakaziba ukabaki mweupe. Yeye alikuwa amekwisha kuwapeleka Mama Vénantie na Noëlla ziwani, na mwenyewe akamfuata Mwami msituni.

Huko msituni, wakiwa wawili peke yao, Mwami Mukomeza alishikwa na homa, naye mwenye shamba la kwinini hakuwa na kidonge kimoja cha kumpa. Mwami aliugua wiki nzima, akawa ananong'ona, na marehemu, kwa kuwa kazi ni kazi, akawa anarudia kila neno kwa sauti, maagizo ya mifugo, majina ya mito, salamu kwa watu waliokwisha kufa, akiipigia kelele miti. Tarehe 17 Novemba 1998, mchana, Mwami alimvuta shati, akanong'ona neno moja fupi, marehemu akalisikia vizuri, na kwa mara ya kwanza na ya pekee katika maisha yake ya kazi, Kinywa hakurudia. Alifumba mdomo. Akakaa hivyo mpaka mkono uliomshika shati ukalegea, kisha akauzuia mto kwa mawe na majani ya migomba pori, akamzika Mwami chini ya mkondo kama desturi inavyotaka, akaondoa mawe, maji yakarudi kupita juu.

Siku chache baadaye watu wa vilimani walimfikia, wakasimama nje ya kibanda cha majani, wakataka kumsikia Mwami, kwa sababu binamu alikuwa ametangaza kwamba Jumapili ataipiga ngoma. Marehemu akasimama mlangoni, akageuza kichwa kushoto, akanong'ona mwenyewe bila kusogeza midomo, halafu akayarudia kwa sauti yake kubwa maneno aliyojinong'oneza, "Mimi, Mukomeza, niko, na ngoma yangu isiguswe," nao wakapiga kofi moja, wakajibu, "Tumesikia," wakarudi, wakaificha ngoma mahali ambapo hata leo familia haipajui. Mrithi halali, mtoto wa Mwami, alikuwa na miaka kumi tu, amefichwa ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo ilibidi Mwami aendelee kuishi mpaka mtoto akue, la sivyo kila kaya ya Bulimbi ingeamka asubuhi ikiwa haina hata mahali pa kuzika kitovu, na aliyeubeba mzigo huo alikuwa mtu mmoja, kwa mdomo wake.

Alivuka ziwa mwaka 1999, akakutana tena na familia yake Kigoma, wakakaa kambini, na tarehe 11 Juni 2001 wakafika Uingereza, wakaletwa Birmingham, wakapewa nyumba hapa Sparkhill, nyuma tu ya Stratford Road, mahali ambapo mwenye vilima alijifunza kuishi na ua wa kuanikia nguo tatu. Alipopata ruhusa ya kufanya kazi, aliajiriwa Hockley, katika karakana ya Bwana Baldev, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, akisugua na kung'arisha vyuma, naye hakuona haya kuvaa aproni, kwa kuwa, alivyosema, chuma kikisuguliwa hakibishi. Bwana Baldev alimwita Mheshimiwa tangu siku ya kwanza, kwanza kwa mzaha, kisha kwa heshima, na yuko hapa leo, na ametupa ruhusa tuseme kwamba mara kwa mara mashine zilipozimwa wakati wa chakula alimwambia, "Mheshimiwa, mimi niliandika mtu mmoja kazi, hapa nasikia wawili." Marehemu alicheka, lakini Bwana Baldev anasema yeye hakuwa amesema mzaha.

Kila Jumamosi saa kumi jioni marehemu alikwenda kwenye duka la simu la Bwana Mahamud, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akaingia kibanda cha mwisho, akapiga simu Bulimbi, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na simu ya mkononi, naye mwalimu aliishika juu karibu na ukuta wa shule ambapo mtandao ulikamata, na watu wakakusanyika. Walisikia kwanza mnong'ono, kisha Kinywa. Kwa njia hiyo Mwami alikataa waasi kupewa njia ya kupitisha madini, aliamua mipaka, aliwaombea mvua, aliwapa pole, na vilima vikashikilia, mwaka baada ya mwaka, kwa uzi wa simu. Jumamosi moja ya mwaka 2004 Bwana Mahamud alitoka kaunta, akagonga kioo cha kibanda, akamwambia, "Mzee, samahani sana, lakini hiyo booth ni ya mtu mmoja, huyo mwenzako atoke," na marehemu akafungua mlango ili aone mwenyewe, na Bwana Mahamud akatazama, akaona kiti kimoja, simu moja, mzee mmoja aliyeshikilia mkono wa simu mbali na mdomo wake, na mnong'ono bado unaendelea. Bwana Mahamud alisoma dua aliyoijua, akarudi kaunta, na tangu siku ile kibanda kile hakumpa mteja mwingine Jumamosi jioni.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba hii ni Mama Vénantie, ambaye mwaka huohuo alimkuta mumewe sebuleni, amekaa gizani wakati taa ipo, kichwa amekigeuza kushoto, akamuuliza kwa upole, "Baba Noëlla, uko unasema na nani?" Naye akamjibu, "Siko nasema. Niko narudilia." Ndipo akamweleza yote, msitu, homa, mto, na kwamba mnong'ono mwanzoni alikuwa akiutengeneza mwenyewe, kama mtoto anavyoigiza sauti za wakubwa, lakini tangu Kigoma hakuutengeneza tena, ulikuja wenyewe, na unajua mambo asiyoyajua yeye, nani amehama, kijito gani kimekauka, ng'ombe gani ameharibu mimba, na akiuliza kilimani huambiwa ni kweli. Mama akamuuliza ni neno gani hakulirudia siku ile msituni. Marehemu akafumba mdomo, akaenda kulala. Mjukuu wao naye, tangu alipojua kusema, alikuwa akizungumza na upande wa kushoto wa kiti cha babu yake, na siku moja alitoka sebuleni akiwa na kipande cha mkate, akawaambia wazazi wake bila woga wowote, "Babu's friend is cross today," yaani rafiki wa babu leo amenuna, akaenda kuchezea baiskeli.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukwaruzwa na koo mwezi wa Februari 2006, akagunduliwa kuwa na saratani tarehe 16 Mei, akatibiwa kwa mionzi, na tarehe 10 Oktoba, katika hospitali ya mjini hapa, madaktari walilazimika kukitoa kisanduku chote cha sauti ili apate kupumua. Walimweleza mapema, kwa uangalifu na kwa mkalimani, kwamba hatasema tena, wala kunong'ona, kwa kuwa mnong'ono nao unahitaji pumzi ipite mdomoni, na yake sasa ingepita shingoni. Familia iliyapokea hayo kwa huzuni, na tuseme ukweli, kwa nafuu kidogo, tukadhani mambo mengine nayo yamekwisha. Jumamosi ya kwanza aliyorudi nyumbani, saa kumi jioni, amekaa kitini, bandeji shingoni, midomo imefungwa, mnong'ono ukaanza, upande wa kushoto, kama kawaida. Bwana Mahamud, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, aliweka simu yake ya mkononi mezani, mama akapiga namba ya mwalimu, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kurudia, akarudia yeye, mwanamke wa kwanza kuwa Kinywa huko Bulimbi, na kilimani wakapiga kofi moja, wakajibu.

Waasi walikuwa wamekwisha kuondoka, binamu alikufa kwa ajali ya lori mwaka 2005, na tarehe 6 Januari mwaka huu, Jumamosi, mrithi, sasa kijana wa miaka kumi na minane, alionyeshwa kwa watu wa Bulimbi akaipiga ngoma ya babu zake, ikasikika mpaka huku kwa simu. Kazi ilikuwa imetimia. Mwami angeweza kufa. Saa kumi jioni mnong'ono ulikuja, neno moja tu, fupi, na Mama Vénantie alipolisikia alijua kwamba ndilo lile la msituni, akaisogelea simu, akafungua mdomo, na marehemu akanyanyuka kitini alikokuwa hajanyanyuka bila msaada kwa wiki mbili, akamziba mdomo kwa kiganja. Hakuweza kusema kwa nini, lakini mke haambiwi na mume kila kitu ndipo aelewe, na mama anasema alichokiona machoni ni hofu ya mtu aliyesema "mimi" maisha yake yote kwa niaba ya mwingine, na ambaye hajui, yule mwingine akiondoka, ni nani atakayebaki kitini. Familia haimlaumu, maana sisi wengine tungefanya nini.

Tangu jioni ile neno halikungoja Jumamosi. Lilisemwa ngazini, lilisemwa nyuma ya mlango wa bafu, lilisemwa katika gari la wagonjwa lililomchukua tarehe 15, na muuguzi wa zamu ya mchana, dada mwema sana, alimuuliza mama kama kuna mgeni nyuma ya pazia, kwa sababu wakati wa wageni umekwisha. Tarehe 20 Januari, Jumamosi, alasiri, marehemu alimshika mama mkono, akageuza kichwa chake polepole kutoka kushoto, alikozoea kukigeuza, akakileta kulia alikokaa mkewe, akasogeza midomo bila sauti yoyote, na mama akaisoma midomo ile, ikisema "Nabintu," jina lake la usichana, mara mbili, kisha akaitikia kwa kichwa, kwamba sasa ruhusa. Mama akatoa simu kwenye mkoba. Kabla namba haijaingia, marehemu alikata roho, saa tisa na dakika hamsini, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Mama alidhani wote wawili wamekwenda pamoja. Haikuwa hivyo. Wazee wa jumuiya ya Bulimbi waliotoka Ubelgiji kuja msibani waliusikia mnong'ono nyumbani, nao, wakiwa watu wa siasa, walimsihi mama anyamaze, awaachie simu, watafute Kinywa kingine, kwani Mwami asiyekufa ana manufaa, na kijana aliyeketishwa bado ni mbichi, na huyu aliyemo jenezani, walisema, azikwe kwa heshima zote za Mwami, nani atajua. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, akawaambia, "Miye niliolewaka na Léopold. Ni Léopold nitazika." Walikasirika, na wengine wao wamekaa hapa mbele, tunawaheshimu, lakini jibu halitabadilika.

Tatizo lilibaki moja, kwamba mtu wa Bulimbi aliye na akili zake haruhusiwi kulitamka neno hilo juu ya Mwami, isipokuwa Kinywa, na mama mwenyewe, tangu alipozibwa mdomo na mumewe, kila alipojaribu alikuta ulimi umekuwa mzito. Ndipo Jumanne asubuhi mkwe huyu anayewasomea, ambaye alikuwa amecheka mambo haya miaka minne, kwa kuwa kwao Bukoba watu huamini walichokula na walichokisoma, alikuwa jikoni akinyoosha shati la mazishi, akasikia mtu karibu na sikio lake la kushoto, karibu hata mvuke wa pasi ukasogea. Hajui lugha ya Bulimbi hata ya kuomba maji. Alimwita mama mkwe, akamwigizia alichosikia, silabi kwa silabi, na mama akaketi juu ya kikapu cha nguo, akanyoosha mkono, akamwambia, "Mwanangu, sema ile mbele ya watu." Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga hawakukosea, na mgeni hana mwiko. Hiyo ndiyo sababu iliyoahidiwa pale mwanzoni.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa subira hata walipokutana na mambo ambayo hawakusomea, kwa Baba Paroko aliyempaka mafuta, kwa Bwana Baldev aliyefunga karakana leo nzima na kuleta viti hivi mnavyokalia, kwa Bwana Mahamud, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, naye amelipa simu hii iliyo wazi kwenda kilimani, kwa majirani wa mtaa wetu waliopika bila kuuliza dini ya mtu, na kwa ninyi wazee wa Ubelgiji, mlifika. Tukitoka hapa tunaelekea makaburi ya Witton. Tunaomba jambo moja, kwamba huko njiani na kaburini, kama yeyote atahisi amenong'onezwa, asigeuze kichwa wala asirudie, aje amwambie mama taratibu. Lakini tunatumaini hakutakuwa na haja.

Kwa maana Mwami Mukomeza wa Bulimbi alilala msituni tarehe 17 Novemba 1998, na maji yanapita juu yake, na Léopold Ntabaza Kashemwa, mwana wa Kashemwa, mume wa Vénantie, alilala Birmingham tarehe 20 Januari 2007, na hao ni watu wawili, si mmoja, na katika jeneza hili yuko wa pili tu. Watu wa Bulimbi, mlio hapa na mlio kwenye simu, msogee karibu, neno lililobaki miaka minane na zaidi linasemwa sasa, bila kuongezwa, bila kupunguzwa.

Mimi, Mukomeza, nimekufa. Waambieni.

Mmesikia. Pigeni kofi moja, kisha muache kimya kikae.

Mzee Léopold, upande wako wa kushoto sasa hakuna mtu. Pumzika kwa amani.